Lipu Iliyo Dhaifu Kuliko Ukuta

Kila aliyekaa katika nyumba ya zamani ya Mji Mkongwe wa Unguja anaijua habari ya msumari. Unataka kutundika saa. Unachagua mahali, unapiga nyundo mara mbili, msumari unazama wote, kisha unasikia vumbi likimiminika humo ndani, na halikomi upesi. Unauvuta, unatoka na bonge la lipu. Unasogea pembeni kidogo na kujaribu tena. Sasa msumari unagonga jiwe na kupinda. Adhuhuri ikifika saa bado iko mezani, na ukutani pana tundu la kuingiza ngumi.

Wapo wanaosogeza kabati mbele ya tundu na kuendelea na maisha yao. Siwalaumu. Lakini mimi nimo katika kundi la wale wanaoshika mwiko, na naamini tundu lile ndilo mlango mzuri kuliko wote wa kuingilia katika ufundi wa chokaa, kwa sababu ukichungulia ndani yake ndipo unapoiona nyumba unayoishi.

Utakachokiona si matofali yaliyopangwa kwa mstari. Ni mawe ya matumbawe, makubwa kwa madogo, yamelala katika chokaa na udongo mwekundu, na ukuta una unene wa nusu mita au zaidi. Penye mwanya baina ya mawe makubwa wametomea vijiwe. Shusha timazi kutoka darini na utakuta ukuta umejaa hapa, umebonyea pale, na pembe ya chumba haikubaliani na pembe ya kabati lako jipya. Ukuta wa namna hii unabeba ghorofa mbili tatu bila taabu; kubeba msumari haukuwahi kuahidi. Waliojenga walilijua hilo. Walitengeneza vidaka katika unene wa ukuta wenyewe, pakawa mahali pa msahafu, pa taa, pa sahani za kaure. Mwenye saa ndiye aliyekuja na shauri geni.

Dawa yake ipo, na haina haraka. Tundu linapanuliwa kidogo kwa tindo mpaka kufikia penye mawe imara, linafagiliwa vumbi, linaloweshwa. Kigingi cha mti mgumu kinapachikwa katikati, vijiwe vinatomewa kukizunguka kwa chokaa, na kazi inaachwa ikaze siku kadhaa. Msumari baadaye unapigwa kwenye kigingi, na saa inakaa.

Chokaa ya pwani yetu ni matumbawe yaliyochomwa. Kwa desturi magogo yalipangwa kwa duara, matumbawe yakarundikwa juu yake, tanuu likatiwa moto. Katika joto la nyuzi 900 hivi za Selsiasi jiwe hutoa hewa ya kaboni dayoksaidi, na kinachobaki ni chokaa kali ambayo ikimwagiwa maji huchemka yenyewe bila jiko. Ikitulia na kukaa shimoni huwa laini, nzito, ya kuteleza mwikoni. Ukishaipaka ukutani, inaanza kuivuta tena ile hewa iliyopokonywa na moto, polepole, kwa makadirio ya milimita moja kwa mwezi, mpaka inarudi kuwa jiwe la aina ileile iliyokuwa baharini. Lipu ya sentimita moja na nusu bado inageuka jiwe mwaka mmoja na zaidi baada ya wewe kukunja ngazi na kurudisha karai la watu. Kazi nyingine za nyumbani zikimalizika huanza kuchakaa siku ileile. Hii ukishaiacha ndiyo kwanza inazidi kukomaa.

Kabla ya kukomaa, lakini, itakutoa jasho. Mchanganyiko wenyewe ni rahisi kuukumbuka, chokaa kipimo kimoja kwa mchanga vipimo vitatu, na mchanga uwe umechekechwa. Taabu iko katika maji. Ukuta mkavu una kiu. Ukiupaka lipu bila kuulowesha kwanza, hunyonya maji yote ya chokaa usiku huo, na asubuhi unakuta lipu imejitenga na ukuta. Igonge kwa vifundo vya vidole: inalia, maana nyuma yake ni hewa tupu. Hakuna namna ya kuibembeleza. Inabanduliwa yote, na sakafu uliyoifagia jana inajaa kifusi tena. Ukipaka tabaka nene ili umalize kwa siku moja, inapasuka nyufa nyembamba za kila upande. Ukiacha dirisha wazi jua la mchana likaipiga, inapasuka hivyohivyo. Ndiyo maana mwenye subira hupaka tabaka jembamba, hutundika magunia yaliyolowa mbele yake, na hurudi jioni na ndoo na brashi kuinyunyizia, huku watu wa nyumbani wakiuliza ni kazi gani hiyo ya kumwagilia ukuta.

Nyufa za siku ya kwanza, hata hivyo, ni za kusameheka. Chokaa ikiwa bado mbichi unaweza kuirudia kwa kibao cha kusugulia, ukaikandamiza na kuifunga. Ni mgonjwa anayekupa muda wa kumtibu. Mchanga wa ufukweni ndio hausameheki. Ni wa bure, uko karibu, na unang'aa. Lakini una chumvi, na chumvi huvuta unyevu, hukauka, hujikusanya ndani ya lipu na kuisukuma nje. Rangi inafura malengelenge. Utaikwangua, utapaka upya, na masika yajayo itafura tena mahali palepale.

Na tafadhali, vaa glavu. Chokaa mbichi hula ngozi bila kelele. Ikiingia jichoni, osha kwa maji mengi safi papo hapo na uende hospitali, usingoje kesho.

Sasa nije kwenye saruji. Joseph Aspdin wa Uingereza alipata hataza ya saruji ya Portland mwaka 1824, na leo hakuna duka la vifaa vya ujenzi lisilokuwa na mifuko yake hadi mlangoni. Kwa nguzo na zege sina ugomvi nayo. Juu ya ukuta wa matumbawe ni balaa la polepole. Ukuta wetu hunywa maji ya mvua na unyevu wa ardhini, kisha huyatoa kupitia lipu ya chokaa, ambayo ina vitundu visivyoonekana. Saruji ni nzito na ngumu. Huyafungia maji ndani, na yakikosa njia huhamia kwenye udongo na mawe. Kwa nje ukuta unapendeza miaka kadhaa. Ndani chokaa ya zamani inageuka uji. Siku lipu ya saruji inapoanguka huanguka kipande kizima, na huondoka na uso wa mawe. Tunafundishwa tangu utotoni kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Methali haikutuambia tuuzibe kwa kitu gani, na kwa nyumba hizi nusu ya shauri ni hapo.

Lipu njema ya ukuta wa zamani, basi, huwa dhaifu kuliko ukuta. Kazi yake ni kuumia kwa niaba ya jiwe: chumvi imle yeye, mvua imwoshe yeye, na baada ya miaka abanduliwe yeye, jiwe likiwa zima. Kwa mtu aliyezoea kupima kazi kwa ugumu wake, hili haliingii akilini haraka. Tunapenda kitu kisichovunjika. Fundi wa chokaa anatengeneza kitu kitakachovunjika kwa utaratibu.

Kuna mpaka wa kujitegemea. Dari za nyumba hizi zimebebwa na boriti za mikoko, na ni urefu wa boriti uliopanga vyumba vyetu viwe virefu na vyembamba, kama ilivyokuwa Ghuba ya Uajemi, ambako majahazi yalizipeleka kutoka Lamu na Rufiji. Boriti huoza kwanza kwenye ncha iliyomo ukutani, mahali usipopaona. Ukibonyeza kwa bisibisi ikazama, weka vifaa chini na umwite mhandisi. Beit al-Ajaib, jumba la mwaka 1883, lilianguka sehemu tarehe 25 Desemba 2020 wakati likifanyiwa matengenezo, na watu wawili wakafa. Kadhalika kuvunja ukuta au kubadili dirisha si jambo la kuamua baada ya chai. Mamlaka ya Mji Mkongwe, iliyoundwa mwaka 1985, ina utaratibu wake wa vibali.

Wala hapakuwahi kuwa na zama ambapo mtu alifanya yote peke yake. Sakafu na mapaa ya chokaa yalipigwa na watu wengi kwa pamoja, wameshika vipande vya miti, wakiimba ili mapigo yalingane, siku baada ya siku mpaka chokaa ikashikana. Kwa hiyo hata anayejifanyia mwenyewe humwita mtu wa kumsaidia kuchanganya na kubeba ndoo ngazini. Mara nyingi huyo ni kijana aliyejifunza kazi kwenye majengo mapya, na moyoni haamini kama chokaa tupu itashika. Ukienda kusali anatia kikombe cha saruji kwenye karai, kwa nia njema kabisa, ili usije ukaaibika. Huna haja ya kumhoji. Rudi asubuhi ya pili ukaikwaruze lipu kwa ukucha: chokaa tupu bado itashika alama. Ikiukatalia ukucha, mwite mje mbandue pamoja, naye ndiye ashike tindo.