TAKA, PICHA NA MSIMULIZI: Uhakiki wa Programu za Uhalisia Ulioongezwa Ukitazamwa kutoka Kalemie

1.0 Utangulizi

Wahakiki wa fasihi ya Kiswahili wamezoea kuigawa kazi ya sanaa katika fani na maudhui, na kuigawa fasihi yenyewe katika simulizi na andishi. Mgawanyo huo umesaidia sana katika ufundishaji, lakini zimezuka kazi ambazo haziingii kwa urahisi katika fungu lolote kati ya hayo. Miongoni mwake ni programu za simu zinazotumia uhalisia ulioongezwa. Mtumiaji huelekeza kamera ya simu kwenye kitu kilicho mbele yake, nayo simu humwonyesha kitu hicho pamoja na picha, maandishi au sauti ambazo hazipo mahali pale. Mtaalamu Ronald Azuma, katika makala yake ya mwaka 1997, aliweka masharti matatu ya mfumo wa aina hii: uunganishe vitu halisi na visivyo halisi, umwitikie mtumiaji papo hapo, na uviweke vitu hivyo mahali pake katika nafasi ya pande tatu.

Masharti hayo yaliwekwa kwa ajili ya wahandisi. Hata hivyo, mwanafunzi wa fasihi simulizi hawezi kuyaona kuwa mageni kabisa. Utambaji wa hadithi nao huunganisha yaliyopo na yasiyokuwapo, huitikia hadhira papo hapo, na mara nyingi hufungamana na mahali. Fanani anayenyoosha kidole kuelekea mlimani na kusema kwamba zimwi lilikaa pale, haongezi kitu machoni mwa wasikilizaji, lakini huongeza kitu katika mlima. Kwa sababu hiyo, programu hizi zaweza kuhakikiwa kwa vigezo vya masimulizi: msuko wake ni upi, mhusika mkuu ni nani, mandhari ni wapi, na lugha inayotumika ni ya nani.

Makala haya yanatumia vigezo hivyo kuchunguza mada moja, yaani taka za chakula cha haraka na uendelevu wa mazingira. Mahali pa kuipimia mada hiyo ni Kalemie, mji mkuu wa jimbo la Tanganyika katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Hoja inayojengwa ni kwamba programu iliyobuniwa kwa ajili ya miji ya mikahawa mikubwa haiwezi kuhamishiwa Kalemie kwa kutafsiriwa maneno yake tu. Msuko, mhusika na mandhari havina budi kubuniwa upya, la sivyo programu itamfundisha mkazi wa Kalemie kuona taka za watu wengine na kutoziona zilizo miguuni pake.

2.0 Msuko uliokatika

Mfano unaofaa kuanzia ni programu iitwayo TrackMyMacca's, iliyotolewa na kampuni ya McDonald's nchini Australia mwaka 2013. Mteja alielekeza simu yake kwenye kifungashio cha chakula. Simu ilikitambua kifungashio, ikazingatia mahali na wakati, kisha ikamwonyesha asili ya viambato vya mlo wake. Meza ya mkahawa iligeuka kuwa jukwaa dogo ambalo juu yake mashamba na watu walioshughulikia chakula walijitokeza kwa picha.

Kwa upande wa fani, kazi hiyo ilikuwa na ubunifu. Ilimpa mteja nafasi ya kuanzisha masimulizi mwenyewe, na ilikigeuza kitu cha kutupwa kuwa ufunguo wa hadithi. Kasoro yake imo katika msuko. Hadithi ilirudi nyuma hadi shambani, ikasonga mbele hadi mezani, ikaishia pale mlo ulipoanza. Kifungashio kilichofungua hadithi nzima hakikuwa mhusika ndani yake. Mteja alijua ngano ilikotoka, lakini programu haikuwa imebuniwa kumsimulia kisanduku kitakakokwenda dakika kumi baadaye.

Si kwamba kisanduku hakikuwa na hadithi. Mwaka 1990, nchini Marekani, kampuni hiyohiyo ilitangaza kuacha visanduku vyake vya plastiki ya povu baada ya mashauriano na shirika la Environmental Defense Fund na baada ya malalamiko mengi ya wateja. Hadithi ilikuwapo basi, tena yenye mgogoro, wahusika na utatuzi. Kutosimuliwa kwake kunaonyesha kwamba mwenye chombo ndiye anayechagua mahali pa kukatia hadithi. Programu yoyote inayodai kuhusu uendelevu yapaswa kupimwa kwanza kwa swali hili: je, inakifuata kitu mpaka mwisho wake?

3.0 Nani mhusika mkuu?

Swali la pili linahusu lawama. Programu nyingi za mazingira humfanya mlaji kuwa mhusika mkuu: hula, hutupa, huonyeshwa aibu, hujirekebisha, hupewa alama. Msuko huu una historia. Nchini Marekani, shirika la Keep America Beautiful, lililoanzishwa mwaka 1953 kwa kuungwa mkono na makampuni ya vifungashio na vinywaji, lilitoa mwaka 1971 tangazo la televisheni lililopata umaarufu mkubwa. Ndani yake mtu aliyevaa mavazi ya wenyeji wa asili wa Marekani analia kwa kuona taka zilizotupwa na wapita njia. Mwigizaji huyo, aliyejulikana kama Iron Eyes Cody, alikuwa mtoto wa wahamiaji wa Kiitaliano. Mwaka 2023 haki za tangazo hilo zilikabidhiwa kwa baraza la kitaifa la wenyeji hao ili liache kutumika. Kwa muda mrefu chozi la kuigiza lilikuwa limeelekeza macho kwenye mkono unaotupa, na kuyaondoa kwenye kiwanda kinachotengeneza.

Sheria ya Kongo ina usawa zaidi kuliko tangazo hilo. Amri namba 17/018 ya tarehe 30 Desemba 2017 inapiga marufuku kutengeneza, kuingiza nchini, kuuza na kutumia mifuko, vifuko na vifungashio vingine vya plastiki. Msomaji wa lugha ataona kwamba amri hiyo imejengwa juu ya vitenzi vinne. Vitatu vya kwanza vinamhusu mwenye kiwanda, mwingizaji na mfanyabiashara; cha mwisho tu ndicho kinachomhusu mtumiaji. Hata hivyo vifuko havikuondoka sokoni. Programu itakayomwonyesha mama muuzaji wa mandazi na mteja wake peke yao itakuwa imechukua kitenzi kimoja cha sheria na kuvifuta vitatu. Huo ni uamuzi wa kisanaa wenye matokeo ya kisiasa, na haufai kupita bila kuhakikiwa.

4.0 Mandhari: sashe, ziwa na Lukuga

Kalemie, iliyoitwa Albertville wakati wa ukoloni wa Kibelgiji, ni mji wa bandari. Reli ya kutoka Kabalo iliufikia mwaka 1915, na ng'ambo ya ziwa iko Kigoma, mwisho wa reli ya kati ya Tanzania. Mkahawa wa McDonald's haupo mjini humo wala popote nchini Kongo. Chakula cha haraka cha Kalemie ni kile kinacholiwa kando ya njia, sokoni na karibu na gati: mandazi, mihogo, samaki wa kukaangwa. Kisanduku cha rangi chenye alama ya kampuni, ambacho kamera ya TrackMyMacca's ilihitaji ili itambue, hakipo. Kilichopo ni kifuko chepesi cha plastiki, ambacho wasemaji wengi wa Kiswahili nchini Kongo hukiita sashe kwa kufuata Kifaransa. Sashe hubeba mandazi, chumvi, mafuta na maji ya kunywa. Mara nyingi haina alama wala jina la aliyeitengeneza. Hapa ndipo ugumu wa kisanaa unapoanza, kwa maana kitu kisicho na jina ni vigumu kukigeuza mhusika.

Mandhari yenyewe yana hadithi ambayo mbunifu wa mbali hawezi kuibuni. Ziwa Tanganyika, lenye kina cha mita 1,470 hivi, linamilikiwa na nchi nne, na lina mto mmoja tu unaotoka humo, nao ni Lukuga, unaopita Kalemie kuelekea Lualaba. Sehemu kubwa ya maji ya ziwa huondoka kwa kugeuka mvuke. Lukuga huchukua sehemu ndogo tu. Mvuke haubebi plastiki. Kinachoingia ziwani, kwa sehemu kubwa, hubaki ziwani.

Mwaka 1874 msafiri Mwingereza Verney Lovett Cameron alifika mdomoni mwa Lukuga akaukuta umezibwa na mimea iliyoelea. Stanley alipopita mwaka 1876 mto ulikuwa bado umezibwa. Miaka michache baadaye maji ya ziwa yalipanda, yakavunja kizuizi, na mto ukatiririka kwa nguvu. Ni vigumu kupata mahali panapofaa zaidi kwa uhalisia ulioongezwa. Mtazamaji angesimama ukingoni, simu ingemchorea mimea ya mwaka 1874, kisha ingemchorea sashe za leo mahali pa mimea hiyo.

Lakini uzuri huohuo una mtego. Mwaka 2021, na tena mwaka 2024, maji ya ziwa yalipanda na kuingia katika makazi ya Kalemie, kama yalivyoingia Uvira na Bujumbura. Mbunifu anaweza kushawishika kuziweka picha hizo mbili pamoja, mto uliozibwa na nyumba zilizofurika, na kumwachia mtazamaji ahitimishe kwamba sashe ndizo zilizoleta gharika. Hitimisho hilo lingekuwa la uongo. Kupanda kwa ziwa kulitokana na mvua nyingi katika bonde lake. Sashe zinaweza kuziba mfereji wa mtaa na kuongeza adha ya mvua moja, lakini haziinui ziwa lenye urefu wa zaidi ya kilomita 600. Katika hadithi ya zimwi, hadhira inajua kwamba zimwi ni la kubuni. Katika uhalisia ulioongezwa, picha ya kubuni imekaa juu ya kitu cha kweli, na mpaka kati yake hauonekani. Kwa hiyo uaminifu wa mbunifu ni sehemu ya fani yenyewe.

5.0 Lugha na fanani

Katiba ya Kongo ya mwaka 2006 inakitaja Kiswahili kuwa mojawapo ya lugha nne za taifa, pamoja na Kikongo, Kilingala na Tshiluba, huku Kifaransa kikiwa lugha rasmi. Mbunifu aliyezoea ofisi ataandika kwa Kifaransa; aliyezoea kamusi ataandika kwa Kiswahili sanifu cha Dar es Salaam. Wote wawili wataeleweka kwa kiasi, lakini hakuna atakayesikika kuwa mwenyeji. Samaki mdogo wa ziwa hili anaonyesha jambo hilo vizuri: Tanzania ni dagaa, Burundi na Kongo ni ndagala, Zambia ni kapenta. Ugali wa Tanzania, katika Kiswahili cha Katanga, ni bukari. Programu itakayoandika "dagaa" juu ya sinia ya ndagala haitakuwa imekosea sarufi, ila itakuwa imejitambulisha kuwa mgeni.

Njia ya kuepuka ugeni huo ilikwisha kuonyeshwa ndani ya Katanga yenyewe, ambayo Kalemie ilikuwa sehemu yake mpaka majimbo yalipogawanywa mwaka 2015. Kikundi cha maigizo cha Mufwankolo, huko Lubumbashi, kilijulikana kwa michezo ya Kiswahili iliyobuniwa bila maandishi kamili. Johannes Fabian, katika kitabu chake cha mwaka 1990, alieleza jinsi kikundi hicho kilivyochukua mwaka 1986 msemo mmoja unaohusisha madaraka na kula, wakaujadili, wakagawana nafasi, wakaufanyia mazoezi na kuufikisha kwenye televisheni. Maana ya msemo haikuletwa na mwandishi. Ilizuka katika mabishano ya waigizaji kwa lugha waliyoiishi. Programu ya taka kwa Kalemie ingefaa kubuniwa kwa namna hiyo: wauzaji wa chakula, wavuvi, wachukuzi wa bandarini na wanafunzi wabishane kwanza sashe ni nini, inatoka kwa nani, na inaishia wapi, kabla fundi hajachora picha hata moja.

Suala la vyombo nalo linagusa hadhira. Mifumo mipya, kama ARCore ya Google, hufanya kazi katika simu zilizoidhinishwa tu, na simu nyingi za bei ndogo hazimo. Umeme wa Kalemie hutegemea kituo cha Bendera, nao si wa uhakika kila siku. Mbinu ya zamani ya kutambua alama iliyochapwa kwenye karatasi, ambayo Hirokazu Kato aliieneza kwa ARToolKit mwaka 1999, inahitaji kamera ya kawaida tu. Simu moja ikishikwa na watu watano waliokusanyika mbele ya bango la sokoni, inarudisha kitu ambacho simu ya mtu mmoja ilikuwa imekiondoa, yaani hadhira inayobishana.

6.0 Hitimisho

Uchunguzi huu umejaribu kuonyesha kwamba programu za uhalisia ulioongezwa ni masimulizi, na kwamba kasoro zake nyingi ni za masimulizi kabla hazijawa za ufundi. Programu inayokatiza hadithi ya kifungashio mezani, inayomtwika mlaji lawama peke yake, au inayoiweka picha ya uongo juu ya mto wa kweli, haitasaidiwa na kamera iliyo bora zaidi. Kwa Kalemie vipimo vitatu vinatosha kuanzia: sashe ifuatwe mpaka ziwani, vitenzi vyote vinne vya amri ya mwaka 2017 vipate wahusika wake, na maneno yatoke vinywani mwa wale wanaouza na kula kando ya njia. Idara za Kiswahili, zilizozoea kuhakiki riwaya na tamthiliya, zina kazi hapa. Zisipoifanya, hadithi ya ziwa itasimuliwa na wale wanaouza kifungashio.