Rubani na Mwenziwe: Uhakiki wa Istilahi za Ndege Mosquito

Miongoni mwa michezo ya kompyuta inayoiga urushaji wa ndege za vita umo DCS World, ambao tangu mwaka 2021 umempa mchezaji nafasi ya kurusha ndege ya Kiingereza iitwayo Mosquito FB VI. Huenda msomaji akauliza: mchezo wa namna hiyo una nini hata uhakikiwe katika kurasa za istilahi? Jawabu letu ni kwamba mwalimu au mfasiri atakayejaribu kuueleza kwa Kiswahili atatambua upesi ni maneno gani tunayo, na ni yapi tunayatumia bila ya kuyapima.

Na tuanze na ndege yenyewe. Iliruka mara ya kwanza tarehe 25 Novemba 1940 huko Hatfield, Uingereza. Kampuni ya de Havilland iliiunda kwa mti, kwa kuwa madini mepesi yalihitajiwa mno kwa ndege nyingine, na mafundi wa samani walikuwapo. Mfasiri mwenye haraka ataandika "ndege ya mbao". Hajakosea, lakini neno mbao humpeleka msomaji kwenye vipande vilivyopasuliwa kwa msumeno na kupigiliwa misumari. Kiwiliwili cha Mosquito kilikuwa tabaka nyembamba za mti mgumu nje na ndani, na katikati mti mwepesi wa balsa, vyote vikishikanishwa kwa gundi juu ya kalibu. Maseremala wetu wanalo neno plaiwudi. Basi yafaa kusema "ndege ya plaiwudi", na picha itakuwa sahihi.

Pili, aina ya ndege. "Ndege ya kivita" ni jina la jumla mno, kwani hata ndege ya upelelezi ni ya kivita. FB VI ilikuwa na mizinga 4 ya milimita 20 na bunduki za rashasha 4 kwa mapambano, na pia ilichukua mabomu. Kwa hiyo iitwe "ndege ya mapambano na mabomu". Jina ni refu, lakini halidanganyi. Ama Mosquito, maana yake ni mbu; yatosha kulieleza mara moja, kisha jina libaki kama lilivyo, kwani jina la pekee halifasiriwi.

Lililo zito zaidi ni neno rubani. Zamani mabaharia wa pwani walimwita rubani yule ajuaye njia ya kuingizia chombo bandarini. Aliyeshika usukani aliweza kuwa mtu mwingine. Ndege zilipokuja, jina likahamia kwa mwenye kuendesha, na yule ajuaye njia akabaki bila jina. Katika Mosquito watu hao wawili walikaa bega kwa bega, mwendeshaji kushoto na mwenye ramani kulia. Kumwita huyu wa pili "rubani msaidizi" ni kosa, maana katika FB VI hakuwa na usukani mbele yake. Wala "mwongozaji" halifai, kwa kuwa limekwisha kushikwa na watu wa filamu. Sisi twapendekeza "mwelekezi".

Mchezo wenyewe wastahili sifa. Rafadha zote mbili za ndege huzunguka upande mmoja, na kwa hiyo wakati wa kupaa ndege huvutwa kushoto. Mchezaji asukumaye wenzo za mafuta kwa pupa hutoka njiani. Hana budi kuzisukuma taratibu huku akitumia usukani wa mkiani. Hilo ni somo la kweli, na kiti cha pili chaweza kukaliwa na mtu mwingine. Ndiyo maana neno mchezo peke yake halitoshi, kwani latumika kwa kandanda na kwa tamthilia. Tuseme "mwigo wa urubani".

Hata hivyo mwigo una mpaka wake. Tarehe 18 Februari 1944 ndege za Mosquito zilishambulia gereza la Amiens, Ufaransa, ili kubomoa kuta zake. Wafungwa zaidi ya 250 walitoroka, lakini wapatao 100 waliuawa. Ndege ya Percy Pickard iliangushwa, akafa pamoja na mwelekezi wake, Alan Broadley. Mchezaji akianguka huanza upya. Hawa hawakuanza upya.

Basi mfasiri atakayemwandika Broadley kuwa msaidizi tu atakuwa amempunguzia marehemu kazi aliyoifia. Istilahi si pambo la kitaalamu, bali ni namna ya kumpa kila mtu haki ya kazi yake. Wasomaji wenye neno bora kuliko mwelekezi na walilete, lipimwe.