Umeme Bila Kuharibu Mkunjo

Baiskeli ya Brompton, kwa mtu aliyeizoea, hukunjwa kwa muda usiofika nusu dakika. Gurudumu la nyuma hupinduliwa chini ya fremu, la mbele huletwa ubavuni pake, usukani hulazwa, kisha nguzo ya kiti huteremshwa na kuvifunga vyote pamoja. Kinachobaki ni furushi la chuma lenye urefu usiofika sentimita 60, linalokaa chini ya meza ya ofisi au mbele ya magoti ya abiria wa treni. Mnyororo wenye grisi unakuwa umejificha baina ya magurudumu mawili, usimchafue mtu suruali. Aliyeibuni ni Andrew Ritchie, mhandisi aliyesomea Cambridge, ambaye katikati ya miaka ya 1970 aliunda baiskeli zake za kwanza za majaribio katika chumba chake cha kulala, kwenye fleti iliyotazamana na kanisa la Brompton Oratory jijini London. Jina limetoka hapo. Ilipofika 1981 akaunda chache kwa ajili ya watu 30 waliokubali kulipa kabla, na uzalishaji wa kiwandani ukaanza 1988. Umbo lile la msingi ndilo linalouzwa mpaka leo.

Nimeanza na mkunjo kwa sababu anayetaka kuitia baiskeli hii umeme lazima aanzie hapo. Kwenye baiskeli ya kawaida nafasi ipo tele. Betri utaifunga kwenye bomba la fremu, kisanduku cha kudhibiti umeme utakining'iniza popote, na waya ukizidi urefu utaukunja na kuufunga kwa kamba ya plastiki. Kwenye Brompton kila milimita ina mwenyewe. Ukiongeza kitu kinene kidogo mahali pasipofaa, magurudumu hayalali tena pamoja, na umebaki na baiskeli nzito yenye magurudumu madogo. Kuifanya itembee kwa umeme wengi wanaweza. Kuifanya itembee kwa umeme na bado ikunjike kama ilivyotoka kiwandani ni kazi ya mafundi wachache, na hao ndio ninaowavulia kofia.

Foki ya mbele ya baiskeli nyingi huacha milimita 100 baina ya miguu yake miwili, mahali pa kukaa hubu. Foki ya Brompton huacha 74. Hubu ilibanwa ili gurudumu la mbele likikunjwa lilale karibu kabisa na la nyuma. Kwa hiyo mota za kawaida haziingii, na hata ukiitanua foki kwa nguvu utakuwa umeharibu kile ulichotaka kukilinda. Kuna viwanda, vingi vikiwa China, vinavyotengeneza mota nyembamba kwa ajili ya nafasi hii hii. Ukiifungua moja utastaajabu. Sehemu ya umeme huzunguka kwa kasi kubwa, nayo huendesha gia tatu ndogo za plastiki ngumu zinazopunguza kasi hiyo na kuongeza nguvu kabla ya kuifikisha kwenye gurudumu. Humo humo mna kishikio kinachoshika upande mmoja tu, hivyo umeme ukizimwa gurudumu linateleza huru na mpanda baiskeli hahisi kwamba anaburuta kitu. Yote hayo yamo katika duara linaloenea viganjani, lenye uzito wa kilo moja na nusu hadi mbili.

Wazo la kuweka mota ndani ya hubu ni la zamani kuliko wengi wanavyodhani. Ogden Bolton wa Canton, Ohio, alipewa hataza ya baiskeli yenye mota kwenye hubu ya nyuma tarehe 31 Desemba 1895. Kilichokosekana kwa karne nzima ni betri nyepesi.

Gurudumu dogo lina hesabu zake, na fundi mzuri huzifanya kabla ya kuagiza chochote. Tairi la Brompton likizunguka mara moja, baiskeli inasogea kama mita 1.3. Ili ifike kilomita 25 kwa saa, gurudumu linapaswa kuzunguka zaidi ya mara 310 kwa dakika. Gurudumu kubwa la baiskeli ya barabarani, lenye mzingo wa kama mita 2.1, linahitaji mizunguko karibu 200 tu. Basi mota iliyozungushiwa waya kwa ajili ya gurudumu kubwa, ukiitia kwenye Brompton, itakwama kwenye mwendo wa kuchosha, ingawa betri imejaa na kila kitu ni kizima. Upande wa pili wa hesabu ni wa neema. Mota yenye torki ya nyutoni mita 30 husukuma barabara kwa nyutoni kama 145 kupitia gurudumu hili dogo, ilhali kupitia lile kubwa ingesukuma kwa kama 90. Ndiyo maana mota ndogo namna ile hupandisha mtu mzima kilima bila kulalamika. Aliyebuni Brompton alitafuta udogo kwa ajili ya treni, na udogo huo huo ukaja kuwafaa watu wa umeme miongo kadhaa baadaye.

Halafu kuna kusuka gurudumu. Hapa ndipo ninapopenda kusimama na kutazama, kwani kazi hii ni ya mikono mitupu na spana ndogo ya spoki, na fundi wa baiskeli wa Tanga au Kisumu ataielewa bila kuelezwa. Hubu yenye mota ina kipenyo kikubwa, ringi ni ndogo, kwa hiyo spoki zinakuwa fupi sana. Kwenye gurudumu kubwa spoki moja hupishana na wenzake mara tatu kabla ya kufika kwenye ringi. Hapa ukijaribu hivyo, spoki itafika kwenye ringi kwa mshazari mkali, ipinde pale inapoingia kwenye nati yake, na baada ya miezi kadhaa ikatike. Fundi anaipishanisha mara moja tu. Anakaza nati zote kwa kiasi kidogo, anazungusha, anaangalia ringi inavyopita karibu na mpira wa breki, anakaza robo upande huu, analegeza robo upande ule. Kisha anazishika spoki mbili mbili na kuzibana kwa nguvu ili zitulie mahali pake, maana spoki isiyotulia leo italegea barabarani. Mwishoni anazidonoa kwa ukucha na kusikiliza. Zile za upande mmoja zikitoa sauti ya kimo kimoja, mvutano umelingana. Wengine hutumia kipimo, na kipimo ni kizuri, lakini nimeona masikio yakigundua spoki moja legevu kabla kipimo hakijatolewa kwenye mkoba.

Gurudumu likishanyooka, inabaki hatari ambayo mwenye haraka haioni. Mota inaposukuma gurudumu mbele, ekseli yake inataka kuzunguka nyuma kwa nguvu ile ile. Kinachoizuia ni pande zake mbili zilizochongwa bapa, zikibanwa na mpasuko wa foki. Mpasuko ukiwa mwembamba mno, fundi huutia tupa, taratibu, mpapaso mmoja mmoja, akijaribisha kila mara. Chuma kilichoondolewa hakirudi. Kisha huweka washa yenye jino linaloshika foki na kukaza nati kwa spana yenye kipimo cha nguvu. Ekseli ikiponyoka huko, inasokota na kukata waya zake zote, na gurudumu la mbele linaweza kuchomoka mtu akiwa kwenye mwendo. Sijui sehemu nyingine ya kazi hii inayodai uangalifu kiasi hicho kwa kitu kidogo namna hiyo.

Waya ndio unaonionyesha kama fundi amefikiri. Bawaba kuu ya Brompton iko katikati ya fremu, na waya mnene ukipita hapo utabanwa kila siku mpaka ngozi yake ipasuke. Mpangilio mzuri unaliepuka tatizo zima. Mota iko mbele, na kwenye shingo ya fremu kuna kishikio cha mkoba ambacho Brompton ilikuwa nacho tangu zamani. Betri na kisanduku cha kudhibiti huingia ndani ya mkoba huo, kwa hiyo waya zote nene zinabaki upande wa mbele. Kinachovuka bawaba ni uzi mwembamba tu, unaotoka kwenye sensa ya pedali, ile inayohesabu sumaku zinavyopita mguu unapokanyaga. Ukifika kituoni unachomoa plagi, unashuka na mkoba begani, na baiskeli inakunjwa ikiwa na uzito wa mota peke yake. Kampuni ya Brompton yenyewe, ilipoanza kuuza ya umeme mwaka 2018 baada ya kushirikiana na wahandisi wa Williams, jina linalojulikana kwa magari ya mbio, ilifuata njia hii hii: mota mbele, betri mkobani.

Kuhusu betri sina upole. Betri ya volti 36 ni safu ya seli 10 za lithiamu zilizofuatana, na ikijaa hufika volti 42. Ukiwa na safu mbili za seli za ampea saa 3.5, unapata wati saa 252, zinazotosha kama kilomita 25 kwa anayekanyaga naye. Ndani yake lazima kuwe na kibao cha kulinda seli, na chaja iwe ile iliyotengenezwa kwa ajili yake. Kikosi cha zimamoto cha London kimeonya mara nyingi kwamba moto wa baiskeli za umeme hutokana sana na zile zilizogeuzwa, na betri au chaja zilizonunuliwa mtandaoni bila uhakika wa ubora. Mafundi ninaowaheshimu hawaungi seli wenyewe. Hununua betri iliyopimwa kwa muuzaji anayejulikana, ingawa bei inauma, na humwambia mteja asiichaji ikiwa imepoa chini ya nyuzi sifuri wala usiku akiwa amelala.

Sheria ya Uingereza inairuhusu baiskeli kama hii itembee bila leseni wala bima kama mota haizidi wati 250, inasaidia pale tu pedali zinapokanyagwa, na inaacha kusukuma ikipita maili 15.5 kwa saa, yaani kilomita 25. Mwendeshaji awe ametimiza miaka 14. Tangu 31 Machi 2025, mamlaka ya usafiri ya London imezuia baiskeli za umeme zisizokunjika kuingia kwenye treni zake, lakini zinazokunjika zinapita. Kwa hiyo mwenye Brompton ya umeme akipoteza mkunjo, amepoteza na treni.

Ukimpelekea fundi baiskeli yako ya kukunja aitie mota, usitosheke na kuipanda kwenye barabara iliyo mbele ya karakana. Itapaa, na utafurahi mpaka usahau mengine. Kabla ya kutoa hela, mwombe aikunje na kuikunjua mbele yako mara kadhaa, nawe uangalie kama kuna waya unaovutika.