Uhakiki wa Nadharia ya Akili Nyingi katika Muktadha wa Endabash, Karatu

Nadharia ya akili nyingi, iliyoasisiwa na Howard Gardner mwaka 1983, ilikusudia kupinga mkabala wa Charles Spearman (1904) uliochukulia akili kuwa uwezo mmoja wa jumla. Gardner alibainisha akili saba, zikiwamo za lugha, mantiki na muziki; baadaye akaongeza akili ya mazingira asilia. Ubora wa nadharia hii ni kumtambua mwanafunzi ambaye mtihani humwacha nje. Udhaifu wake unaotajwa zaidi ni uchache wa ushahidi kwamba akili hizo hujitegemea. Hata hivyo, upo udhaifu mzito zaidi: nadharia hurefusha orodha ya akili bila kuhoji ni jamii ipi inayoamua lipi liitwe akili.

Tafiti za Afrika Mashariki zimeliibua swali hilo. Robert Sternberg na wenzake (2001) waliwapima watoto wa Kijaluo magharibi mwa Kenya maarifa ya mitishamba, wakayalinganisha na alama za msamiati. Uhusiano ulikuwa hasi: waliojua dawa zaidi walielekea kupata alama za chini. Elena Grigorenko na wenzake (2001) walionesha kuwa Wajaluo wana dhana nne za akili: rieko, luoro, winjo na paro, na ni rieko pekee iliyohusiana na alama za shule. Luoro, yaani heshima, haina nafasi kwa Gardner, kwani yeye hutenganisha akili na maadili.

Endabash ni kata ya wakulima na wafugaji, wengi wao Wairaqw. Mtoto aliyelelewa kwa Kiiraqw, lugha ya Kikushi, husoma shule ya msingi ya serikali na kutahiniwa kwa Kiswahili, kisha hufundishwa sekondari kwa Kiingereza. Alama zake hupima lugha kabla ya kupima akili. Akishindwa, huitwa mzito. Kumsifu kwa akili ya mazingira kwa sababu anajua mifugo na udongo hakumfungulii mlango wa sekondari.

Utafiti wa Sternberg na wenzake (2002) wilayani Bagamoyo una manufaa zaidi kwa hali hii. Watoto walipimwa, wakapewa maelekezo mafupi, wakapimwa tena; alama zikapanda. Kipimo cha mara moja, basi, kilikuwa kimeficha uwezo uliokuwapo. Kwa mtoto wa Endabash, suala la msingi si idadi ya akili, bali kipimo chenyewe na lugha yake.