Istilahi ya "Kugeuza" katika Mwongozo wa Picha za Kompyuta

Tumeletewa mwongozo wa kurasa 12, ulioandikwa kwa Kiswahili, wenye kuwafundisha makarani wa vyama vya msingi vya kahawa wilayani Mbinga, na wenzao wa mialo ya Mbamba Bay na Liuli, namna ya kuhifadhi madaftari ya mizani kwa njia ya picha za kompyuta. Nia yake ni njema, na mtungaji, ambaye hatumtaji, amejitahidi kuandika lugha inayoeleweka na wananchi. Hata hivyo neno moja alilolitumia limekwisha leta hasara, nalo ndilo tunalotaka kulijadili hapa.

Mwongozo umejengwa juu ya programu iitwayo ImageMagick, iliyoanzishwa mwaka 1987 na John Cristy alipokuwa katika kampuni ya DuPont huko Marekani, na ambayo tangu mwaka 1990 hutolewa bure. Programu hii haimtaki mtu abofye vitufe. Mtumiaji huandika, kwa mfano, "magick daftari.tif daftari.jpg", na picha iliyokuwa katika umbizo la TIFF hupata nakala katika umbizo la JPEG. Istilahi "mstari wa amri" twaikubali bila shida, maana ni amri kweli: kuna neno "mogrify" katika programu hiyo ambalo huweza kuandika juu ya faili la asili pasipo kumwuliza mtu lolote. "Umbizo" nalo twalipokea. "Muundo" una kazi nyingi mno tayari. Mahali fulani mtungaji amevuka mpaka akatafsiri hata amri yenyewe, akaandika "geuza" mahali pa "magick". Karani akiiandika hivyo, kompyuta itamjibu kwamba haiitambui amri hiyo. Amri ya programu ni jina, nayo huandikwa kama ilivyo.

Sasa tufike kwenye "kugeuza". Mwongozo huita kila badiliko la umbizo "kugeuza", kisha humwambia karani kwamba akiihitaji tena picha ya kwanza, basi aigeuze tena. Hapa ndipo lugha ilipompoteza mtungaji. Katika Kiswahili cha kila siku, chapati hugeuzwa, na ikigeuzwa mara ya pili upande wa kwanza hurudi juu. Nguo iliyogeuzwa ndani nje hugeuzwa ikakaa sawa. Neno lenyewe limebeba ahadi ya kurudi. Kutoka TIFF kwenda PNG ahadi hiyo kwa kawaida hutimizwa, kwa kuwa PNG hubana habari za picha bila kuacha hata nukta moja. JPEG haikutengenezwa hivyo. Huikata picha katika vipande vya nukta 8 kwa 8, kisha katika kila kipande huacha yale ambayo jicho haliyahisi upesi. Kwa picha ya machweo ya jua ziwani hakuna atakayelalamika. Lakini kwa wino mwembamba juu ya karatasi iliyopauka, kinachoachwa ni kingo za tarakimu.

Tumeonyeshwa ukurasa mmoja wa kilo za kahawa ambao karani aliubana sana ili upite kwa simu, akalifuta faili la TIFF ili kupata nafasi, na baada ya msimu "akaugeuza tena" kama alivyofundishwa. Faili lilikuwa kubwa kama zamani. Tarakimu 3 na 8 hazikutofautika, na daftari lenyewe lilikuwa limekwisha kuliwa na mchwa. Mkulima aliyepima kilo 83 au 38 atadai kwa ushahidi gani?

Watu wa mwambao wa Nyasa hawahitaji kamusi ili kulielewa jambo hili. Usipa wakikaushwa juani huwa wepesi, hupanda hadi Mbinga na Songea bila kuoza, na hiyo ni faida kubwa. Lakini hakuna mama anayewarudisha ziwani wakavimba wakawa wabichi. Ukiwatia majini utapata usipa wakavu walioloa, ambao sasa ni wazito zaidi. Na TIFF iliyotokana na JPEG ndivyo ilivyo.

Kosa hili, tukiri, si la Kiswahili peke yake. Waliotengeneza programu nao, kwa Kiingereza, waliiita amri ya awali "convert", na katika kompyuta za Windows jina hilo likagongana na chombo kingine chenye jina lilo hilo, ambacho kazi yake ni kubadili mfumo wa diski nzima. Toleo la saba la ImageMagick ndilo lililoleta "magick". Kwa hiyo hatuna sababu ya kuurithi upana wa neno ambao wenyewe umewasumbua.

Yako maneno yaliyopendekezwa. "Kuchuja" limekwisha chukuliwa na kazi nyingine za kompyuta. "Kukoboa", ambalo Mbinga wangelipenda kwa ajili ya kahawa, lina kasoro: mkoboaji huondoa ganda lisilotakiwa, na JPEG huweza kuondoa punje. Sisi twaona yatosha kusema "kugeuza bila hasara" na "kugeuza kwa hasara". Ni marefu, ndiyo. Lakini neno hasara kila mwuza kahawa analijua, na mtu hatafuta faili la asili baada ya kulisoma.

Aidha, kuandika ".jpg" mahali pa ".png" katika jina la faili kusiitwe kugeuza kabisa. Huko ni kubadili jina. Wajerumani waliiita Liuli kwa jina la Sphinxhafen kwa sababu ya mwamba ulioko pale. Jina hilo limekwenda, na mwamba haukusogea.

Sentensi ya mwongozo twapendekeza isomeke hivi: "Geuza kwa hasara nakala ya kutuma tu, faili la TIFF lisifutwe, kwa kuwa JPEG haiwezi kulirudisha."