Neno "Lau" na Vita vya Majimaji

Kila inapokaribia tarehe 27 Februari, siku ambayo mwaka 1906 Wajerumani waliwanyonga wakuu wa Wangoni hapa Songea, mjadala ule ule huzuka barazani baada ya Alasiri. Lau Wangoni wangeliingia vitani mwezi mmoja kabla. Lau Nkosi Mputa Gama wa Njelu na Chabruma wa Mshope wangelipigana chini ya amri moja. Lau padri asingeliruhusiwa kuingia gerezani. Nimeyasikiliza maneno haya miaka mingi, na nakiri kuwa nami nimeyasema. Leo napenda tuyapime.

Baadhi ya vijana wetu huufunga mjadala kwa Hadithi ya Abu Huraira (r.a.) aliyoipokea Muslim, kuwa lau hufungua kazi ya shetani. Hadithi ni sahihi, ila hawaisomi pamoja na nyingine. Imam Bukhari ameweka katika Sahihi yake mlango wa lau inayojuzu. Mtume (s.a.w.) katika Hija ya kuaga alieleza kuwa lau angelijua mwanzo aliyoyajua baadaye, asingelichukua mnyama wa kuchinja. Na Surat At-Tawba, aya ya 47, inatueleza yale ambayo yangelitokea lau wanafiki wangelitoka kwenda Tabuk. Lau iliyolaumiwa ni ile ya wanafiki baada ya Uhud, waliosema kuwa waliouawa wangeliwatii wasingeliuawa. Hiyo ni lau ya kuwasuta maiti.

Mafaqihi wa Iraq, wafuasi wa Abu Hanifa, walizama sana katika masuala ambayo hayajatokea, hata wakabandikwa jina la watu wa "waonaje?". Lakini hawakukisia ovyo. Aliyebadilisha jambo moja katika suala lake alilazimika kufuata kila hukumu inayobadilika nalo. Kwa kipimo hicho lau nyingi za barazani haziendi mbali.

Chukua ile ya mwezi mmoja. Vita vilianza Umatumbi mwishoni mwa Julai 1905, na boma la Mahenge likashambuliwa tarehe 30 Agosti. Wangoni walifika upande ule baada ya wimbi kupita, na tarehe 21 Oktoba Wajerumani wakawavamia kambini wakiwa hawana habari. Msemaji wetu anawahamisha Wangoni mpaka tarehe 30 Agosti na boma linaanguka. Anasahau kuwa siku ile bomani mlikuwa na bunduki za rasharasha, na mikuki zaidi mbele yake ni maiti zaidi. Anasahau pia kuwa maji yaliletwa Ungoni na Omari Kinjala akitokea Ungindo. Ukitaka Wangoni watangulie, basi umtangulize na yeye, na wale waliomtuma.

Ile ya umoja ina uzito zaidi, na hapa naona tunawadhulumu wazee wetu. Njelu na Mshope zilikuwa dola mbili zenye uhasimu wa muda mrefu, na jirani zao wengi waliwajua Wangoni kwa kuvamiwa. Juu ya hayo, barua ilitoka Ungoni kwenda kwa Mataka, sultani wa Wayao ng'ambo ya Ruvuma, kuomba watu wenye bunduki na kuomba ugomvi wa zamani usahauliwe. Maana yake, haya tunayoyasema sisi juu ya kahawa, wao waliyasema wakati bado yana faida. Hawakukosa rai. Walikosa muda na bunduki.

Na tuseme boma la Songea lingelianguka. Waethiopia walishinda Adwa mwaka 1896 wakiwa na bunduki na mizinga. Hapa Wajerumani walileta manowari na askari wa ziada, kisha wakachoma mashamba na maghala. Njaa ndiyo iliyoua wengi: makadirio ya Wajerumani wenyewe ni watu 75,000, na wanahistoria wa baadaye wamefika 250,000 na zaidi. Lau yoyote isiyoitaja njaa haijasema kitu.

Imebaki ya padri. Mmisionari wa Kibenediktini aliwabatiza wengi wa waliohukumiwa kabla ya kitanzi, na wapo ndugu zetu wasemao lau angeliingia sheikh. Hii naomba iachwe. Mtu aliyefungwa, kesho ananyongwa, moyo wake anaujua Mola wake, na sisi hatukuitwa kuwa mashahidi. Tena inawapa wajukuu wa waliozikwa katika kaburi moja sababu ya kugombana juu yake.

Mwaka 2023, Rais Steinmeier wa Ujerumani alifika kwenye makumbusho yetu, akaomba radhi, na akaahidi kusaidia kulitafuta fuvu la Songea Mbano. Suala hilo halihitaji lau. Ama fuvu lipo Ujerumani ama halipo, na ukoo unasubiri jibu.