Lily na Maddison: nani anamuuliza anayeongoza?

Kwenye chumba chetu cha kusomea kuna daftari moja kubwa lililobandikwa vipande vya magazeti ya Uingereza. Mtu mmoja wa kujitolea alituachia ili vijana wajifunze Kiingereza. Kipande kinachosomwa kuliko vyote humo si cha mpira, ni cha mbwa wawili. Jarida letu limezoea kuchambua vitabu na filamu, lakini safari hii naomba niruhusiwe kuchambua habari ya gazeti. Na yenyewe ni maandishi, ina uzuri wake na ina makosa yake.

Habari ni ya mwaka 2011. Lily ni mbwa jike wa aina ya Great Dane, wale mbwa wakubwa kabisa ambao wakisimama kando ya meza kichwa kinapita juu ya sahani. Alipokuwa bado mdogo, kope zake ziliota kuelekea ndani, zikayaharibu macho mpaka madaktari wakalazimika kuyatoa yote mawili. Maddison ni mwenzake, jike pia, mkubwa kwake kwa mwaka mmoja. Anatembea karibu naye, anamgusa kwa mwili wake, na Lily anajua wapi pa kupita. Mwenye mbwa alipoona hawezi tena kuwatunza, walipelekwa kwenye kituo cha shirika la Dogs Trust kule Shrewsbury. Kituo kikatangaza kwamba wanatafutiwa nyumba, kwa sharti moja: wachukuliwe wote wawili. Habari ikaenea nchi nyingi, maombi yakamiminika, na mwishowe familia moja ya Cheshire ikawachukua wote.

Kila nikisoma kipande hiki na kundi jipya, lazima kijana mmoja aseme: "Kumbe hata mbwa kipofu anapata nyumba Ulaya, sisi bado tunaangalia ubao kama namba ya kesi imebandikwa!" Tunacheka wote. Mimi pia nacheka, sitawadanganya. Maumivu yaliyo ndani ya kicheko hicho ni ya kweli. Lakini yule aliyempokea Lily hakuwa na uwezo wa kuamua kesi ya mtu wa Fizi. Tukiishia kwenye wivu, tutafunga daftari bila kuchukua kile kinachotufaa.

Kinachotufaa ni lile sharti. Angalia habari ilivyojengwa. Kuna upande wa huruma: picha, uso usio na macho, urafiki. Halafu kuna upande wa sharti. Huruma inamvuta msomaji, lakini ikiachwa peke yake ingemfanya amwombe Lily tu, maana Lily ndiye anayeliza watu. Sentensi iliyowalinda wote wawili haina chozi hata moja. Inasema tu kwamba hawa hawatenganishwi. Shirika lenyewe lina uzoefu na maneno ya namna hiyo. Tangu 1978 lina msemo wake maarufu kwamba mbwa ni wa maisha yote, si wa Krismasi tu. Msemo huo haumbembelezi mtu. Unamwambia mapema mzigo anaotaka kubeba una uzito gani.

Hapo nasifu. Sasa niseme kinachonikera.

Kosa la kwanza ni kuhusu umri. Kipande chetu kinasema Lily ana miaka 6 na Maddison 7, halafu kinapita haraka. Mbwa wa aina hiyo kwa kawaida huishi miaka 8 hadi 10 tu. Maana yake ni kwamba waliokuwa wanatafutiwa nyumba ni wazee wawili, na huenda anayeongoza angetangulia kufa. Msomaji anayetaka kuwachukua anapaswa kufikirishwa hilo. Pia anapaswa kuambiwa kazi ya kila siku: usihamishe viti na meza hovyo kwa sababu mbwa asiyeona anaikariri nyumba, na mwite jina kabla ya kumgusa asije akashtuka. Neno "upendo" limerudiwa mara nyingi kwenye kipande hiki, lakini mambo haya hayamo.

Kosa la pili ndilo kubwa, nalo linamhusu Maddison. Kila kitu anachofanya kimeandikwa kwa ajili ya Lily. Hatujui kama anachoka. Hatujui anacheza saa ngapi, au analala wapi siku ambayo Lily hataki kutembea. Anasifiwa kuliko mtu yeyote kwenye habari, lakini hakuna aliyemwangalia yeye mwenyewe. Utasema, bwana, mbwa ataulizwaje? Haulizwi, kweli, lakini mwandishi ana macho.

Kosa hili nalijua kwa sababu mimi mwenyewe nimelifanya. Kwenye bloku yetu kuna mzee asiyeona. Anaongozwa na mjukuu wake wa miaka kumi na mmoja, kila mmoja ameshika ncha yake ya fimbo. Siku ya mgao watu wanawapisha na kusema, "Huyu mtoto ana baraka." Saa hiyo hiyo wenzake wako darasani. Nilipoandika ripoti yangu ya mwezi kuhusu familia hiyo, nilieleza hali ya mzee kwa mistari mingi. Kuhusu mtoto niliandika maneno mawili: "Mjukuu anamsaidia." Nikaridhika kabisa. Ni kipande cha mbwa kilichonionyesha ubovu wa sentensi yangu. Wahenga walisema kipofu hasahau mkongojo wake, lakini mkongojo ni mti, hauna shule.

Na lile sharti je? Nimewahi kuona karatasi za shangazi na mpwa wake ambao wameishi nyumba moja tangu wakimbie. Kila mmoja alikuwa na namba yake ya kesi. Maelezo ya shangazi yalijaa huruma ukurasa mzima, lakini hapakuwa na mstari mmoja uliosema kwamba hawa wawili wanaishi pamoja na wasiachanishwe. Sijui kama mstari huo ungebadilisha kitu. Najua tu kwamba haukuwepo, na kuuandika hakungemgharimu mtu chochote.

Kwa hiyo ndugu zangu wahudumu mnaotuandikia, na sisi vijana tunaojiandikia wenyewe kwenye jarida hili, naomba tukisome kipande hiki kwa makini. Tuige sharti lake. Tusiige namna kilivyomsahau anayeongoza.

Mimi nilirudi kwa yule mtoto. Nilimkuta nje na babu yake, nikamuuliza anapenda nini. Alisema anapenda hesabu. Halafu, bila kuulizwa, akasema babu hapendi kutembea asubuhi, magoti yanauma, afadhali jioni. Mzee akacheka, akasema ni kweli, ila hakuna aliyewahi kumuuliza. Niliandika majibu ya wote wawili kwenye mstari mmoja.